Brokoli mbichi au ya kupikwa: kaka yako ana haki nusu

Swali: Mtaalamu, naomba utuamulie. Mimi huchemsha brokoli kwenye sufuria ya maji mengi, dakika kumi na tano hivi mpaka ilainike, kisha namwaga maji na kutia chumvi. Kaka yangu, mtu wa mazoezi, anaitafuna mbichi na kunicheka kwamba ninachokula ni makapi, eti virutubisho vyote nimeshaviua. Nikijaribu kuila mbichi kama yeye, tumbo linajaa gesi hadi usiku. Halafu tunaishi na mama, ana miaka 71 na anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kuna mtu amemwambia asiguse kabisa mboga za kijani. Tuifanyeje brokoli hii?

Jibu: Dada yangu, kaka yako amepatia jambo moja, tena kubwa, lakini yaliyobaki amekosea. Wewe nawe una kosa, ila si hilo analokucheka nalo. Kuiweka brokoli motoni si dhambi. Shida ni yale maji mengi na zile dakika kumi na tano.

Nianze na hilo neno “makapi”, maana ndilo lililokuuma. Gramu 100 za brokoli mbichi zina vitamini C karibu miligramu 89. Ikichemshwa kwa kawaida na kuchujwa, uzito uleule hubaki na karibu miligramu 65. Viwango vya Marekani vinamtaka mwanamke mzima apate miligramu 75 kwa siku na mwanamume 90. Kwa hiyo hata brokoli ya kuchemshwa, mradi haikuteswa, inakupa sehemu kubwa ya mahitaji yako ya siku nzima kwa sahani moja ndogo. Kwa dakika zako kumi na tano utakuwa umepoteza zaidi ya hapo, sikufichi, lakini makapi bado si jina lake.

Hiyo iliyopotea imekwenda wapi? Siku nyingine kabla hujamwaga maji, yaangalie. Yana rangi ya kijani iliyofifia na harufu ya mboga. Vitamini C na foleti (vitamini mojawapo ya kundi B) huyeyuka kwenye maji, na brokoli ina kichwa chenye maelfu ya vijitumba vya maua, kila kimoja na uso wake unaoguswa na maji. Ukiikata vipande vidogo na kuizamisha, ni kama umeitia kwenye birika ukaandaa chai, kisha ukainywesha sinki. Joto nalo huharibu vitamini C kidogo kidogo, lakini kwa dakika chache za jikoni, maji ndiyo mwizi mkubwa. Watafiti wa China waliwahi kupika brokoli kwa njia mbalimbali wakapima kilichobaki, matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Ya kuchemshwa ilipoteza karibu theluthi ya vitamini C, ya kukaanga karibu robo, ya maikrowevu pungufu ya hapo, na ya mvuke karibu haikupoteza kitu. Mvuke una joto lilelile la maji yanayochemka. Tofauti ni kwamba mboga haiogi.

Kuna vitu vingine ambavyo sufuria yako haikuvigusa sana. Nyuzinyuzi zipo palepale, zimelainika tu. Vitamini K haiyeyuki kwenye maji, kwa hiyo haiondoki nayo (tutairudia tukifika kwa mama). Beta-karotini na luteini, zile rangi zinazosaidia macho, huwa zimefungiwa ndani ya kuta za seli, na hapo moto hugeuka rafiki: unalegeza kuta, na ukiongeza mafuta kijiko kimoja mwilini zinaingia kwa urahisi kuliko ukitafuna mbichi mkavu. Kaka yako anayekula vipande vikavu kutoka kwenye kopo lake la mazoezi, hapa umemshinda. Kalsiamu pia ipo. Si nyingi, karibu miligramu 47 kwa gramu 100, lakini mwili huinyonya vizuri sana, kwa sababu brokoli haina oksaleti nyingi, zile zinazoikamata kalsiamu isinyonywe, kama mchicha. Hilo nalisema kwa sababu ya mama, mifupa ya umri ule inahitaji kila inachopata.

Sasa tuje alipopatia kaka yako, ingawa nadhani mwenyewe hajui kwa nini amepatia.

Brokoli husifiwa kwa kitu kiitwacho sulforafani. Ndicho ambacho kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins likiongozwa na Paul Talalay lilikitenga kutoka kwenye brokoli mwaka 1992 na kuonyesha kwamba huamsha vimeng'enya vya mwili (protini zinazoendesha kemia yake) vinavyosaidia kuondoa sumu. Ajabu yake ni kwamba brokoli nzima, iliyokaa tu mezani, karibu haina sulforafani. Ina malighafi yake, glukorafanini, imehifadhiwa chumba kimoja cha mmea, na kwenye chumba kingine kuna kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Viwili hivyo havionani mpaka ukuta uvunjwe. Mdudu aking'ata, kisu kikikata, jino likisaga, ukuta unabomoka, vinakutana, na papo hapo sulforafani inazaliwa. Ni silaha ya mmea dhidi ya wanaoula. Chukua kipande kibichi ukitafune taratibu: mwanzoni utaona utamu hafifu wa majani, kisha baada ya sekunde chache kunakuja ukali unaochonyota kidogo ulimi na kupanda puani. Sehemu ya ukali huo ni kemia hiyo ikifanyika mdomoni mwako. Haradali na figili, ambazo ni za ukoo mmoja na brokoli, zinachoma kwa mtindo uleule.

Mirosinasi ni protini, na protini ikipashwa moto sana huharibika kama ute wa yai unavyoganda, hairudi tena. Brokoli ikichemka dakika chache tu, kimeng'enya kimekwisha. Malighafi iliyobaki ipo, ila aliyetakiwa kuigeuza hayupo. Bakteria wa utumbo mpana hujitahidi kuifanya kazi hiyo, lakini huifanya kwa kiasi kidogo na kwa kutofautiana sana kati ya mtu na mtu. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Uholanzi ambapo wanaume wanane walikula gramu 200 za brokoli iliyosagwa, mara mbichi, mara iliyopikwa. Walipokula mbichi, miili yao ilipata asilimia 37 ya sulforafani iliyowezekana. Walipokula iliyopikwa, asilimia 3.4. Utafiti ulikuwa mdogo, ndiyo, lakini pengo la mara kumi si la kupuuza. Hapo mpe kaka yako haki yake.

Ila asishangilie mapema. Ndani ya brokoli mbichi kuna protini nyingine, mkorofishaji, ambayo huingilia kati malighafi inapovunjwa na kuigeuza sehemu kubwa kuwa kitu kingine kisicho na manufaa ya sulforafani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha mwaka 2004 kwamba mkorofishaji huyu hufa mapema, kwenye nyuzijoto 60 hivi, wakati mirosinasi bado inapumua. Yaani upo mwanya mwembamba wa joto ambapo mharibifu ameshaondoka na fundi bado yuko kazini, na kwenye mwanya huo brokoli hutoa sulforafani nyingi kuliko ikiwa mbichi kabisa. Nyumbani hatupimi nyuzijoto za ndani ya mboga, lakini mvuke wa dakika tatu hadi nne unatufikisha karibu na hapo. Kwa hiyo mbishano wenu wa mbichi na iliyopikwa una mshindi wa tatu ambaye hakualikwa: iliyoguswa na mvuke tu.

Kabla sijaenda jikoni, tahadhari moja. Mengi yanayosemwa kuhusu sulforafani na saratani yametoka kwenye seli za maabara na wanyama. Kwa binadamu zipo dalili za kutia moyo, dawa hakuna. Mtu akikuuzia unga wa brokoli kwa ahadi ya kutibu saratani, mwache na unga wake.

Haya, sufuria. Osha brokoli, ikate matawi madogo yenye kichwa cha ukubwa wa kidole gumba hivi, mashina yakate membamba zaidi ili yaive pamoja na vichwa. Kama una muda, iache ikae imekatwa kwa nusu saa au zaidi kabla ya kuipika. Kisu kimeshavunja kuta, kemia inaendelea hapo ubaoni, na sulforafani ikishaundwa inavumilia moto kuliko kimeng'enya kilichoiunda. Kadiri unavyokatakata ndogo ndivyo mbinu hii inavyofanya kazi. Ukiacha vipande vikubwa hutaona tofauti ya maana. Kisha weka maji kimo cha vidole viwili chini ya sufuria, chujio la chuma juu yake lisiguse maji, yakichemka ndipo uingize brokoli na kufunika. Hesabu kuanzia hapo, siyo tangu unawasha jiko.

Rangi ndiyo saa yako. Dakika ya kwanza na ya pili utaiona inang'aa kijani kuliko ilivyokuwa mbichi. Haijaongezeka kitu, hewa iliyokuwa imejibana kati ya seli imetoka, na rangi ya ndani sasa inaonekana bila ukungu. Ikiwa katika mng'ao huo, choma shina kwa ncha ya kisu: kikiingia lakini kikasita kidogo, epua. Ukiendelea, asidi za mboga yenyewe zinaing'oa magnesi iliyo katikati ya klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea, na kijani kinageuka rangi ya zeituni iliyochakaa. Baada ya hapo huja ile harufu ya salfa kama mayai, ambayo imewafanya watoto wengi waichukie brokoli maisha yao yote. Mtu akikwambia utie soda ya kupikia ili ibaki kijani, ni kweli itabaki kijani, lakini soda huiangamiza vitamini C na kuifanya mboga iwe uji. Funua mara moja na uimwage kwenye sahani; ukiiacha ndani ya mfuniko inaendelea kujipika.

Kama mvuke hautakuwa na nafasi, maikrowevu si adui kama wengi wanavyodhani: bakuli lenye mfuniko, maji vijiko viwili tu, dakika chache. Kukaanga haraka kwa mafuta kidogo nako kunafaa. Na kama unaipenda laini kabisa, iliyopondeka, chemsha tu, lakini iwe ndani ya supu, ili kilichoyeyuka ukinywe badala ya kukimwaga.

Tena kwa mpenzi wa brokoli laini kuna mlango wa nyuma. Ikishaiva, nyunyizia unga wa haradali. Mbegu za haradali zina mirosinasi yao, tena inayovumilia joto vizuri, na inaweza kuifanyia kazi malighafi iliyobaki yatima kwenye mboga yako. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walijaribu hivyo kwa watu mwaka 2018: gramu moja ya unga wa haradali juu ya gramu 200 za brokoli iliyopikwa, na sulforafani iliyoingia mwilini ikapanda zaidi ya mara nne. Gramu moja ni ncha ya kijiko cha chai. Figili mbichi iliyokwanguliwa juu ya sahani inafuata kanuni ileile. Hila hii inaifaa pia brokoli ya kugandishwa, kwa kuwa kiwandani huwa imechovywa kwenye maji moto kabla ya kugandishwa, na kimeng'enya kikafia huko. Vitamini zake nyingi zipo, usiidharau. Imempoteza fundi tu.

Kuhusu gesi yako: brokoli ina nyuzinyuzi, kama gramu mbili na nusu kwa kila gramu 100, na sukari iitwayo rafinosi ambayo matumbo yetu hayana kimeng'enya cha kuivunja. Inashuka nzima mpaka utumbo mpana, bakteria wanaifanyia sherehe, na wewe unalipia kwa tumbo kuwamba. Mbichi hukusumbua zaidi kwa sababu kuta zake hazijalegezwa na pengine huzitafuni vya kutosha. Ya mvuke itakutuliza. Anza na kiasi cha ngumi ya mtoto, uzoee kwa wiki mbili tatu, ndipo uongeze. Vichwa huwa vyepesi tumboni kuliko mashina, kwa hiyo mwanzoni kula vichwa. Usijilazimishe mbichi kwa sababu tu kaka anaiweza. Brokoli iliyo bora kwenye karatasi lakini ikakufanya uikimbie haikufai kitu. Wapo pia ambao kwao uchungu wa mboga hizi ni mkali zaidi kwa sababu ya jeni ya kuonja waliyozaliwa nayo. Sijui la George H. W. Bush lilikuwa lipi, ila mwaka 1990, akiwa rais wa Marekani, alitangaza hadharani kwamba tangu utotoni mama yake alimlazimisha kula brokoli na sasa yeye ni rais, haili tena.

Sasa mama. Hapa nakuomba usome polepole.

Warfarini inafanya kazi kwa kuuzuia mwili usiitumie tena vitamini K, ambayo ini huihitaji kutengeneza vitu vya kugandisha damu. Brokoli ina vitamini K nyingi, karibu mikrogramu 100 kwa gramu 100 ikiwa mbichi, kiasi ambacho mwanamke mzima huhitaji kwa siku. Ndipo lilipotoka lile katazo la mboga za kijani, na naelewa woga wake, lakini si ushauri mzuri. Dozi ya mama hupangwa kufuata damu yake inavyoonekana kwenye kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, na damu hiyo imeshazoea chakula chake. Kinachomdhuru ni kupanda na kushuka. Akila sahani kubwa kila siku wiki hii, dawa inapungua nguvu na damu inaweza kuganda. Akiacha ghafla wiki ijayo, dawa inazidi na anaweza kuvuja damu. Anachotakiwa ni kiasi kinacholingana wiki hadi wiki. Kama kwa sasa haili brokoli kabisa na anataka kuanza, amwambie kwanza daktari au mhudumu wa kliniki anayempima, waanze kidogo, na INR ipimwe mapema kuliko ratiba.

Wala usimpikie kwa maji mengi ukidhani unaitoa vitamini K. Nimeshasema haiyeyuki humo. Kinyume chake, brokoli ikiiva inanywea, bakuli lilelile linabeba mboga nyingi zaidi, kwa hiyo na vitamini K zaidi. Mpimie ikiwa mbichi, kwa chombo kilekile kila mara, ndipo upike.

Kuna jambo lingine la mama. Mnaweza kusikia habari za machipukizi ya brokoli, yale ya siku tatu tangu mbegu iote. Mwaka 1997 watafiti wa Johns Hopkins walionyesha kwamba yana glukorafanini mara 10 hadi 100 kuliko brokoli iliyokomaa, na tangu hapo yamekuwa na mashabiki. Ni kweli, ila mbegu huoteshwa kwenye joto na unyevu, mazingira ambayo bakteria wa salmonela nao huyapenda, na machipukizi mabichi ya aina mbalimbali yameshasababisha milipuko ya magonjwa. Kaka yako ajiamulie mwenyewe. Mama wa miaka 71 asile mabichi.

Akina ninyi wengine, mkiila brokoli mbichi, ioshwe kwelikweli. Vichwa vyake ni msitu. Vidukari na viwavi vya kijani hujibana humo na huwaoni. Igeuze kichwa chini kwenye bakuli la maji ya chumvi dakika kumi, itikise, suuza kwa maji safi yanayotiririka. Kichwa kikianza kuwa cha njano ujue vijitumba vinafunguka kuwa maua. Hakina sumu, kimezeeka tu, na ladha yake imekwenda.

Najua kaka yako atauliza pia kuhusu tezi la shingo, kwani watu wa mazoezi hupenda juisi. Mboga za ukoo huu zina vitu vinavyoweza kuisumbua tezi, lakini brokoli haina vingi, na mtu anayepata madini joto ya kutosha halazimiki kuhofu sahani ya kawaida. Mtu mwenye ugonjwa wa tezi anayesaga lita za juisi mbichi kila siku, huyo amwone daktari.

Na mashina msiyatupe. Nasikitika kila nikiona mtu anakata kichwa na kulipeleka shina kwenye taka. Limenye ngozi ya nje, ile yenye nyuzi, mpaka ufike kwenye nyama nyeupe yenye kijani cha mbali. Likate vipande vyembamba kama sarafu, kamulia ndimu, dondoshea mafuta na ncha ya haradali. Mpe kaka yako hilo, mbichi. Wewe na mama bakini na vichwa vya mvuke.